Nyumba ya Miyuji na Bima Tatu

Upepo ulioondoka na paa letu ulikuja alasiri ya Jumamosi, nikiwa nimeanika nguo. Mimi nilikulia nyanda za juu kusini, ambako mvua hunyesha taratibu tangu asubuhi mpaka watu wanaisahau. Dodoma mvua za kwanza haziji hivyo. Anga huwa jekundu kwa vumbi, kisha unasikia mngurumo kama wa lori linalopanda mlima, halafu upepo unafika kabla hujajua uelekee wapi. Nilikimbilia nguo. Mama mkwe wangu alikuwa sebuleni anachambua mchele. Akaniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Acha nguo! Watoto!"

Tuliwaingiza wanangu wawili chini ya meza ya kulia, nasi tukajibanza kando yao. Bati la pembeni lilianza kupigapiga, likakazana, kisha tukasikia mchaniko mrefu. Nilipotazama juu, dari ya vyumba viwili ilikuwa imeporomoka na mawingu yanaonekana. Kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zilinyanyuka na mabati yake, zikaenda kutua kwenye kiwanja cha jirani ambacho bado hakijajengwa. Ndipo mvua ikaanza. Ilitunyeshea humo humo ndani, juu ya makochi, magodoro na madaftari ya shule.

Hakuna aliyeumia. Mama alisema alhamdulillahi mara nyingi, akiwashika watoto vichwa mmoja baada ya mwingine, kama anayehakikisha wako kamili. Kisha akasimama, akatazama mchele wake uliotapakaa kwenye maji, akasema, "Haya. Leo tutakula kwa jirani."

Nyumba ile ya Miyuji ni yake. Aliijenga na marehemu mumewe, aliyekuwa dereva wa serikali, walipohama kijiji cha Busi na kuja mjini. Ni nyumba ya tofali za saruji, vyumba vinne, na nyuma yake kuna jiko la nje la tofali za udongo ambalo mama hulipenda kuliko vyumba vyote. Mume wangu ndiye mwanaye pekee aliyebaki. Kazi yake ni ujenzi wa barabara, na mwaka ule alikuwa Kigoma. Alikuja mbio, akakopa kazini, akatafuta fundi, tukapaua upya, akarudi Kigoma akiwa amekonda. Wakati anapanda basi aliniambia, "Mke wangu, likitokea tena hili, sijui nitashika wapi." Nilimjibu kwamba halitatukuta tena mikono mitupu. Nilisema hivyo bila kujua nitafanyaje, lakini nilikuwa nimeshaamua.

Mimi ni afisa ununuzi katika ofisi moja ya serikali kule Mtumba. Kazini kwetu hatununui hata karatasi bila kupata bei za wauzaji watatu na kuzilinganisha. Nikajiambia kwamba nitafanya vivyo hivyo: nitatafuta bima tatu za nyumba, nitazisoma, nitachagua moja. Kikwazo kilikuwa kimoja tu. Hati ya nyumba ina jina la mama, na bila saini yake hakuna mtu angetukatia bima.

Nilimweleza tukiwa tunamenya viazi.

"Mama, nataka tuikatie nyumba bima."

"Kama gari?"

"Kama gari."

"Gari linatembea, ndiyo maana linagongwa. Nyumba imekaa."

"Imekaa, lakini paa lake lilitembea."

Hakucheka. Alimaliza kumenya kiazi chake, akasema, "Sikia, mwanangu. Hiyo fedha nikiitoa na upepo usije, inakwenda wapi? Na ukija, wakinilipa zaidi ya nilichotoa, ile ziada ni jasho la nani? Sitaki kuanza kamari uzeeni."

Mama ni Mwislamu wa swala tano. Mimi ninasali kanisani, na katika miaka yote ya kuishi pamoja hatujawahi kugombana juu ya dini. Niliona wazi kwamba hatafuti kisingizio. Anauliza kitu anachotaka kukijua.

"Basi twende pamoja," nikamwambia. "Ukawaulize wenyewe."

Nilitegemea akatae. Alifuta mikono akasema, "Twende. Lakini sitasaini kitu kwa kuona haya."

Ofisi ya kwanza ilikuwa katikati ya mji, ina viyoyozi na viti laini. Kijana wa mauzo alimwamkia mama shikamoo kwa heshima, akatuletea maji ya chupa, akaanza kusifu. Bei yake ilikuwa ndogo mno hata nikajikuta nimeanza kumpenda.

"Hii inakava kila kitu, mama. Moto, wizi, kila kitu."

"Na upepo?" nikauliza.

"Na upepo."

"Nionyeshe palipoandikwa upepo."

Alifungua kurasa, akarudi nyuma, akaenda mbele. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza. Niliuchukua nikasoma mwenyewe, palepale, huku yeye akichezea kalamu. Dhoruba haikuwemo. Iliwezekana kuongezwa kwa malipo ya ziada, na hata ikiongezwa, maji ya mvua yaliyoingia ndani hayalipwi mpaka upepo uwe umetoboa paa kwanza. Nilimtafsiria mama neno kwa neno. Kijana akasema, kwa sauti ya chini kidogo, "Wateja wengi hawaulizi hilo."

Mama naye akauliza lake: upepo usipokuja, fedha inakwenda wapi?

"Inakuwa ya kampuni, bibi. Ndiyo biashara."

"Umesema kweli," mama akamjibu, akainuka. Nje aliniambia kijana yule amelelewa vizuri, ila yeye hawezi kusaini.

Bima ya pili tuliipata kwa wakala, mwanamke wa rika langu anayefanyia kazi kwenye chumba kidogo nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Hakuwa na maji ya chupa wala maneno mengi. Alituambia tangu mwanzo kwamba kampuni anayoiwakilisha inalipa hasara ya dhoruba, na kwamba inalipa gharama ya kujenga upya, bila kukata kwa hoja kwamba bati lilikuwa limechakaa. Lakini kuna masharti. Mkaguzi lazima aione nyumba kwanza. Majengo ya udongo hayaingii. Na kila hasara inapotokea, sehemu ya kwanza anaibeba mwenye nyumba.

"Kwa hiyo jiko langu?" mama akauliza.

"Haliingii, mama. Sitaki uje kunilaumu baadaye."

Nilimpenda kwa ukweli huo. Karatasi zake zilikuwa za Kiswahili, na zilisema sawasawa na mdomo wake. Kwangu mimi shughuli iliishia pale. Kwa mama haikuishia, maana swali lake lilipata jibu lilelile la kwanza.

Tuliporudi nyumbani tulitofautiana kweli. Nilimwambia mvua za mwaka unaofuata hazitatusubiri tumalize maswali. Akaniambia nyumba akiinunulia usalama kwa kitu kinachomkwaza moyoni, hatalala humo kwa raha hata paa likiwa la chuma. Wakati wa chakula watoto walitutazama kwa zamu.

Ni jirani yetu, mwalimu mstaafu, aliyetutajia takafuli. Alisema ni bima ya kuchangiana: watu wanaweka michango kwenye mfuko wa pamoja, anayepatwa na hasara anafidiwa kutoka humo, na kinachobaki mwisho wa mwaka hurudi kwa wachangiaji au huwapunguzia mchango unaofuata. Wanaoendesha mfuko wanalipwa ujira wao unaojulikana. Nilitafuta ofisi yao na kuikuta ghorofani, bado inanuka rangi. Mwanamume aliyetupokea alimsikiliza mama hadi mwisho, hakumkatiza, kisha akamchorea mfuko ule kwenye karatasi, na mishale ya kuingia na kutoka.

Mama aliufuata mshale mmoja mmoja kwa kidole. "Hii ni kama michango yetu ya misiba kule Busi," akasema.

"Ndiyo hiyo, mama. Tumeiandika tu."

Akanigeukia. "Hapa nasaini."

Hapo mimi ndiye niliyekataa. Nilikuwa nimeshasoma mkataba wao wakati mchoro unachorwa. Sehemu ya dhoruba ilikuwa ya mstari mmoja, imelegea, na haikusema kama wanalipa gharama ya kujenga upya au thamani ya bati kuukuu. Kazini nimeshaona mikataba mizuri ikiharibiwa na mstari mmoja wa namna ile.

"Mama, hapa moyo wako umetulia, wangu bado," nilimwambia mbele ya yule bwana. "Nipe muda kidogo."

Nilidhani atakasirika. Alikunja miguu akasema, "Nimekupa."

Nilichofanya ni kile ninachokijua. Nilichukua masharti ya yule wakala mwanamke, nikayaandika upya kwa maneno yangu: upepo mkali, mvua inayoingia kwa sababu ya upepo, gharama ya kujenga upya, sehemu ya kwanza ya hasara tutakayobeba sisi, muda wa kutoa taarifa, muda wa kulipwa. Nikapeleka kwa watu wa takafuli, nikawaomba wayaweke kwenye kiambatisho cha mkataba wetu na kukitia saini. Walisema watapeleka makao makuu. Nikapiga simu. Wakasema bado. Nikaenda. Wakasema mhusika yuko likizo. Nikamwomba anayemshikia nafasi. Mume wangu alinicheka kwenye simu akasema anawaonea huruma. Niliwapigia kila Jumatatu saa za chai mpaka yule bwana wa mchoro akawa ananijua kwa sauti. Mwishowe kiambatisho kikaja, na dhoruba imeandikwa kama nilivyotaka, isipokuwa jiko la udongo, ambalo nao walilikataa.

Bado kulikuwa na ukaguzi. Mkaguzi alipanda darini na tochi, akashuka ana vumbi hadi kwenye nyusi. "Dada, paa jipya hili limewekwa tu juu ya ukuta. Kenchi hazikufungwa kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta. Siwezi kulipitisha." Tulikuwa tumelipa fundi, tumelipa mbao, tumelipa kila kitu. Lakini hasira yangu haikumwelekea mkaguzi. Bila yeye tungelala chini ya paa ambalo lingeruka kama lile la kwanza.

Nilimpigia fundi aje amalizie kazi yake. Alisema yuko Chamwino, ana nyumba nyingine. Mama akaniomba simu.

"Shikamoo mama," nilisikia fundi akisema.

"Marahaba, baba. Wewe una mama yako?"

"Ninaye."

"Analala chini ya paa lililofungwa au lililowekwa?"

Alikuja Jumapili iliyofuata baada ya ibada. Alitoboa lenta, akapitisha nondo nyembamba, akafunga kila kenchi, na mama alikaa kwenye kiti uani, shingo juu, tangu kazi ilipoanza hadi ilipokwisha. Mkaguzi aliporudi alipitisha. Mama akasaini polepole, akiandika jina lake lote kama alivyofundishwa kwenye elimu ya watu wazima, nami nikasaini kama shahidi.

Msimu uliofuata upepo ulirudi. Nilikuwa kazini. Nilipiga simu nyumbani, haikupokelewa. Nikapiga tena, haikupokelewa. Njia nzima kutoka Mtumba niliona mabati yaliyokunjamana kwenye miti, nikawa nasema moyoni, watoto kwanza, watoto kwanza. Nilipofika, walikuwa wamekaa mlangoni wanakula karanga. Paa la nyumba lilikuwa mahali pake. Mabati ya baraza yalikuwa yamekwenda, maji yameingia sebuleni na kuharibu sehemu ya dari, na jiko la mama lilikuwa rundo la udongo.

Tulipiga picha za kila kitu kabla ya kugusa chochote, tukatoa taarifa jioni hiyohiyo. Watu wa takafuli walikuja, wakapima. Baraza na dari walilipa, wakiondoa ile sehemu yetu ya kwanza. Kwa jiko hawakutoa hata senti. Mama alilalamika kwa yule bwana wa mchoro, nami nikamfungulia mama ukurasa alioutia saini. Aliusoma, kisha akasema, "Basi sawa. Tulikubaliana." Malipo yalichelewa kuliko walivyoahidi, nikarudia simu zangu za Jumatatu, yakaja. Hayakutosha kila kitu. Lakini safari hii mume wangu hakukopa, wala hakupanda basi la usiku kuja kutuokoa. Jiko tulilijenga upya sisi wenyewe, sasa kwa tofali za saruji, na mama akachagua upande wa dirisha.

Baada ya hapo alikwenda Busi kumsalimia dada yake. Akanipigia simu huku nyuma kuna sauti za mbuzi.

"Dada yangu ameezeka bati jipya," akasema. "Upepo wa huku nao haujambo. Wale watu wetu, wanafika mpaka vijijini?"

"Sijui, mama."

"Nyumba yake ni ya tofali za kuchoma. Kenchi nimepanda ngazi nikaziangalia, zimefungwa."

"Umepanda ngazi, mama?"

"Niliyoyauliza ni ya bima."

Nilikuwa ofisini, na mbele yangu kulikuwa na zabuni za viti nilizotakiwa kuzilinganisha kabla ya mchana. Nilizisogeza pembeni, nikavuta karatasi, nikamwambia anitajie vipimo vya nyumba ya dada yake, pole pole, niandike.