Matofaa Niliyopika kwa Kujificha

Iko Jumapili moja ya mvua ambayo sijaisahau, mwanangu, na sidhani nitaisahau mpaka wanifukie. Keti hapo nikusimulie. Najua una haraka, nyinyi vijana wa siku hizi hata chai mnakunywa mkiwa mmesimama, lakini haraka haraka haina baraka, na hadithi yenyewe si ndefu.

Mimi nilikuwa mpishi. Si wa mandazi kando ya barabara, la, mpishi wa nyumba kubwa. Miaka ya tisini niliandikwa kazi na familia moja ya wazungu waliokuwa na shamba la ng'ombe kupita Isinya, na huko nilipika kila kitu unachoweza kutaja. Wageni wakimaliza kula walikuja mpaka jikoni kunipa mkono. Basi kichwa kikanivimba kidogo. Nilikuwa nalala hukohuko kazini Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili, siku yangu ya ofu, nateremka Kitengela kwa mke wangu Selina.

Tulikuwa tumepanga chumba kwenye ploti ya Mzee Lemayian, Mmasai aliyejenga vyumba kumi vya mabati karibu na boma lake, vitano huku na vitano kule, vinatazamana. Binti yetu Nafula tulikuwa tumemwacha magharibi kwa mama yangu, anasoma huko. Kwa hivyo Selina alikuwa peke yake wiki nzima, katika mji ambao hakuwa na dada wala shangazi. Mvua ikinyesha ni lile tope jeusi mpaka mlangoni, na jua likiwaka ni vumbi. Hayo mimi sikuyaona. Niliona tu kwamba unga uko na mafuta ya taa yapo.

Nikifika Jumapili nilikuwa nakaa kwenye kiti, nammwagia hadithi za kazini. Alizipenda! Na iliyompendeza kuliko zote ilikuwa ya matofaa ya kuoka. Ni kitu rahisi, hata wewe utaweza. Unachukua tofaa, unalitoa moyo kwa kisu chembamba kutoka juu, lakini usitoboe chini. Nimesema usitoboe, maana ukitoboa sukari yote inavuja na umebaki na hasara. Ndani ya lile shimo unatia sukari, mdalasini, zabibu kavu kama ziko, halafu kipande cha siagi juu. Unayapanga kwenye chombo, unatia maji kidogo chini, unaingiza kwenye oveni mpaka ganda lianze kupasuka na nyumba nzima inukie. Kwisha.

Siku moja Selina akaniuliza, "Na mtu hana oveni?"

"Sufuria," nikamwambia. "Makaa kidogo chini, makaa mengi juu ya kifuniko."

"Sasa Baba Nafula, si unipikie siku moja? Siku moja tu."

Nilicheka. Mimi? Hapa? Kwetu mwanamume hashiki mwiko nyumbani kwake. Na pale ploti jiko liliwashwa nje, kila mtu mbele ya mlango wake, kwa hivyo wa vyumba kumi vyote wanaona ni nani anapuliza makaa. Kupika kwa mshahara niliita kazi. Kumpikia mke wangu, watu wakitazama, niliona watasema nimekaliwa chapati, natawaliwa na mke. Nikamwambia mambo hayo hayawezekani. Aliomba tena, na baadaye akaomba mara ya tatu.

Basi nikajifanya mwema. Nikanunua matofaa manne kwa mama wa matunda pale steji, nikamletea. Furaha aliyokuwa nayo! Akawasha jiko nje, na mimi nikaweka kiti ndani ya mlango, nikakunja mguu, nikaanza kutoa amri. Kata hapa. Punguza hapo. Lakini moto haufundishwi kwa mdomo. Makaa mengi aliyaweka chini, na alipofunua, matofaa yalikuwa yameungua kwa chini na juu bado ni mabichi. Nami kwa ujinga wangu nikapaza sauti, "Aiii! Wewe ungekuwa kazini kwangu ungefutwa kabla ya chai ya saa nne!"

Ploti nzima ikacheka. Mama Kevo, jirani wa mlango wa pili, alicheka mpaka akashikilia nguzo. Selina pia alicheka. Kisha akaingiza sufuria ndani, akakaa huko muda mrefu akiikwangua, na mimi nikafungulia redio.

Jioni nikiondoka kurudi kazini, Mzee Lemayian alinisimamisha kwenye geti. Tulisalimiana, halafu akachora chini kwa fimbo.

"Baba Nafula, wewe unaogopa hawa wanawake ya ploti?"

"Siogopi mtu, mzee."

"Unaogopa. Sikiza. Sisi wanaume tukienda olpul, kambi ya nyama huko msituni, hakuna mwanamke. Tunachinja wenyewe, tunapika supu wenyewe, tunagawa. Na hakuna mtu amewahi niambia mimi si mwanaume. Nani alikudanganya moto iko na mwenyewe?"

Akaendelea, "Huyo mama hakuwa anataka matunda. Matunda si iko sokoni? Jumatatu mpaka Jumamosi mimi namuona, anaongea na kuku. Alikuwa anataka wewe ukae na yeye hapo nje, kwa moto. Sasa umemuweka pale mbele ya watu, ukafanya watu wamcheke."

Maneno hayo yaliniingia, mwanangu, siwezi kusema uongo. Lakini yaliingia nusu. Nusu ya kwanza, kwamba nimpikie mke wangu, niliisikia. Nusu ya pili, kwamba iwe pale nje, sikutaka kuisikia. Nikajiambia, nitampikia, ila mtu asijue. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Tazama sasa nilivyojikata.

Nilingoja siku ya mvua. Mwezi uliofuata zikaja mvua zile kubwa, na Jumapili moja mchana kila mtu alikuwa amejifungia kwake, mabati yanapigwa huwezi kumsikia jirani. Nikafika nimelowa, nikatoa matofaa sita kwenye mfuko, nikamwambia Selina, "Leo kaa kwenye kiti. Leo ni mimi." Alinitazama kwanza kana kwamba ninamtania. Nikaingiza jiko ndani, makaa yakiwa yameshika sawasawa. Nikafunga mlango, nikafunga dirisha na kuteremsha pazia, nikafungulia redio, halafu nikachukua gunia nikaziba nalo chini ya mlango.

"Acha dirisha wazi kidogo," Selina akasema.

"Harufu ya mdalasini itatoka. Watajua."

Hakubisha. Furaha ilikuwa imemjaa.

Nakuambia ukweli, saa ile moja ndiyo ilikuwa ndoa yangu. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye jiko na yeye kwenye kiti changu, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimenyamaza, kwa hivyo yeye akaongea. Akaniambia mambo ambayo sikuwahi kuyauliza. Akasema, "Hapa kila mtu ananiita Mama Nafula, na Nafula hayuko. Siku nyingine wakiniita nageuka kumtafuta." Nikamwandalia tofaa la kwanza kwenye sahani. Alikula lote, akalamba kijiko, akasema, "Kumbe ndiyo hii." Nikacheka, nikaongeza makaa, nikapanga ya pili.

Akasema kichwa kinamuuma. Nikamwambia alale kidogo kitandani, nitamwamsha yakiiva. Miguu yangu pia ilikuwa mizito, nikadhani ni uchovu wa wiki. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Nilizinduka nimelala kwenye tope, mvua inanipiga usoni. Mama Kevo alikuwa amekuja kuomba chumvi, akabisha, akasikia redio inaimba na watu kimya, akapiga nduru. Mzee Lemayian akavunja mlango kwa rungu, wakatuburuta nje. Moshi wa makaa huwezi kuuona, mwanangu, na hauna kelele, unakulaza polepole kama mtoto. Mimi nilikuwa karibu na mlango, nikaamka mapema. Selina hakuamka. Nikamwona Mama Kevo, yule aliyemcheka, amepiga magoti kwenye tope anamtikisa, anamwita, "Mama Nafula! Mama Nafula!" na analia. Na mimi niko pale nawaza nimemuua mke wangu, nimemuua kwa sababu ya jirani ambaye sasa ndiye anamlilia. Wote walikuwa wametoka. Wote waliona jiko, sufuria, na matofaa yangu. Hakuna hata mmoja aliyecheka.

Mzee alimtia kwenye pikapu yake, tukampeleka zahanati. Wakamwekea hewa ya mtungi. Giza lilipokuwa linaingia alifungua macho, nami nikalia mbele ya watu, bila kujificha.

Kesho yake asubuhi tulibaki wawili. Akauliza polepole, "Ile gunia ya mlango, uliweka ya nini?"

"Harufu isitoke."

Kisha akasema, wala hakuwa na hasira, afadhali angekuwa na hasira, "Kwa hivyo ulikuwa radhi tufe, kuliko uonekane ukinipikia."

Nikatoka kwenda kumtafutia chai.

Baada ya wiki mbili aliomba ruhusa aende kumwona Nafula. Nikamfungia mizigo, nikampeleka mpaka Nairobi kwenye basi la magharibi. Hakusema atarudi lini, na mimi niliogopa kuuliza. Hakurudi. Alilima shamba la mama yangu, akamlea Nafula, na mwisho akamzika mama yangu. Watu walimsifu sana, na walinisifu na mimi kwa kuwa na mke wa namna hiyo.

Usinipe pole ya mfiwa. Selina yuko hai, ana afya, ana wajukuu. Nikienda Krismasi ananipokea vizuri kabisa. Ananitandikia meza, ananinawisha mikono, ananichinjia kuku, ananiuliza habari za safari. Kwetu, mwanangu, kuku ni wa mgeni. Miaka yote hii nakula kuku nyumbani kwangu. Niliwahi kubeba matofaa nikampikia pale uani, mchana kweupe, majirani wote wakitazama. Alisema asante, akagawia watoto.

Hapa Kitengela nimepika nje tangu mwezi ule. Jiko mbele ya mlango, aproni kifuani. Mwanzoni niliwasubiri waseme, na hawakusema. Wanawake walikuja kuniuliza unatia mdalasini kiasi gani, wanaume wakaja kuonja. Ile aibu niliyoikimbia haikuwako popote ila kichwani mwangu. Jioni naoka tofaa moja, maana mtu mmoja hali mawili, nakula polepole, halafu naosha sufuria. Majuto ni mjukuu, na huyo ndiye ninayeishi naye.

Kwa hivyo nisikilize, wewe unayeoa mwezi ujao. Jiko la makaa usilifungie ndani, hata kuwe na baridi gani. Hilo ni la mwili, nalo ni la kwanza. La pili ni hili: kizuri unachomtendea mwenzako kitende mahali watu wanaona. Mficha uchi hazai. Mtu anayependwa kwa kufichwa hujua kwamba anaonewa aibu, hata ukimlisha sukari kila siku. Akikuomba kitu kidogo, usimtumie maagizo ukiwa kwenye kiti. Inuka. Kaa naye kwenye moto, mwache aongee, na watakaocheka wacheke, watachoka. Na mzee akikukanya, usichukue nusu ya maneno yake ukamwachia nusu.

Nenda basi, naona unaangalia saa. Mungu akujalie nyumba yenye madirisha, na majirani wanaokuja kuomba chumvi. Akujalie usiwahi kuchinjiwa kuku na mkeo mwenyewe. Na ukishazeeka kama mimi, akuache na mtu wa kukupokonya mwiko na kukugombeza kwamba umezidisha sukari. Amina.