Jiko la Kipupwe, Kibokoni

Sauti iliyonishtua siku yangu ya kwanza kazini haikutoka jikoni. Ilitoka mstarini. Nilikuwa nimeinamia sufuria, nikijifunza kukoroga uji wa mtama bila kuuacha ushike chini, ndipo mtoto mmoja alipoanza kukohoa. Alikohoa mfululizo, kikohozi juu ya kikohozi, hata nikabaki na mwiko mkononi nikingoja avute pumzi. Alipoivuta, ilimpanda kooni kwa mlio mrefu mwembamba, kama wa jogoo mchanga ajifunzaye kuwika. Kisha akatema makohozi, akajipangusa macho, akanyoosha bakuli lake kama mtu aliyepiga chafya tu.

Nilimtazama Mpishi Mkuu. Naye alikuwa akinitazama mimi.

"Koroga," aliniambia. "Uji haukungoji."

Ilikuwa miaka ya vita vikuu vya pili, na jiko letu lilikuwa ua wa nyumba kongwe huko Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale. Vijana wa sasa hucheka nikiwaambia kwamba Mombasa ina baridi. Baridi ya Mombasa haiui mimea wala haigandishi maji, lakini wakati wa kipupwe mvua huja na upepo, kuta za mawe hunywa unyevu na kuutoa polepole, na mtoto aliyelala juu ya mkeka na tumbo tupu huamka akitetemeka. Mchele ulikuwa wa kugawiwa kwa kipimo, na sukari haikuonekana. Ndipo idara ya ustawi ikaamua kwamba kila asubuhi ya kipupwe watoto wa mitaa ile wapewe kitu cha moto chenye afya kabla ya kwenda chuoni kwa mwalimu wa Kurani au skuli.

Kazi yenyewe ilikuwa na elimu yake, nami nitaieleza kwa kuwa sidhani kama yupo anayeifanya hivyo tena. Unga wa mtama tuliuroweka tangu jana yake ili uchachuke kidogo, kwa sababu uji uliochachuka humeng'enywa kwa wepesi. Tulitia tui la kasimu, yaani lile la kukamua mara ya pili, ambalo ni jepesi, kwanza; tui zito liliingia mwisho, moto ukishapunguzwa, lisije likakatika. Tangawizi iliyopondwa na pilipili manga vilifuata, na sukari guru kidogo ilipopatikana. Siku nyingine tulichemsha viazi vitamu katika maganda yao, au mbaazi zilizoungwa kwa nazi, zikaliwa na mikate ya mofa, ile ya unga wa mtama inayobandikwa ndani ya tanuri la udongo. Hakuna kilichokaangwa. Mafuta yalikuwa ghali, na kifua chenye kikohozi hakiyapendi.

Cheo changu kiliitwa Msaidizi wa Lishe. Juu yangu alikuwa Mpishi Mkuu, Bi Rukia, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini ambaye hakuonja kwa ulimi bali kwa kunusa. Juu yetu sote alikuwa Msimamizi wa Ustawi wa Watoto, mama wa Kiingereza tuliyemwita memsahib, aliyejifunza Kiswahili kitabuni na kukisema kama anayepanga matofali. Ofisi yake ilikuwa upande wa stesheni ya reli. Siku aliyoniajiri alinipa agizo moja tu: "Ugonjwa wa kuambukiza ukionekana, utapiga simu siku ile ile. Si kesho. Umefahamu?" Nilisema nimefahamu.

Baadaye nilipelekwa kituo cha Tudor, kisha ofisini, kisha ng'ambo kusomea shahada ya uzamili ya lishe, na niliporudi nikawa msimamizi mwenyewe. Katika vituo hivyo vyote nilisoma mengi juu ya uji kuliko nilivyodhani yanaweza kuandikwa. Lakini nikiulizwa na wanafunzi wangu nilijifunza wapi kazi, akili yangu hukimbilia juma lile la kwanza, na mpaka leo hainipi utulivu.

Mtoto yule aliitwa Fatuma, binti wa Mwanaisha, mjane aliyeshona kofia nyumbani kwake nyuma ya jiko letu. Mstari ulipokwisha, nilimfuata Bi Rukia kwenye karo.

"Bi Rukia, kile ni kifaduro."

"Wewe ni daktari?"

"La. Lakini mlio ule..."

"Watoto wote wakohoa kipupwe. Mvua hini, wataka waimbe?" Akasugua sufuria kwa majivu, kisha akapunguza sauti. "Nisikize, mwanangu. Mwaka jana jiko la mtaa wa Kuze walipiga simu, eti watoto wana upele. Upele tu. Memsahib akaja na kufuli. Mpaka leo lile jiko limefungwa, na wale watoto ndio hawa uwaonao wakivuka mitaa miwili na bakuli kichwani. Wataka na hawa waende wapi? Marikiti kuokota makombo?"

Nilifahamu hesabu zote mbili. Tukinyamaza, kikohozi kingepita mstarini kutoka bakuli hadi bakuli. Tukisema, moto ungezimwa, na watoto wenye njaa hushikwa na kila kikohozi kipitacho. Nikajiuliza tena kama nilisikia sawasawa. Labda ulikuwa mlio wa koo lililokauka. Labda nilitaka tu kuonekana hodari siku ya kwanza. Nilirudi nyumbani nikiwaza hivyo, nikala bila kujua nilichokula.

Asubuhi iliyofuata nilimweka Fatuma mwisho wa mstari, mbali na wenziwe, ili nimsikize. Hakukohoa hata mara moja. Alisimama ametulia na bakuli lake, akinitazama kwa macho mekundu. Badala yake alikuja mamake, buibui likipepea, kabla uji haujaisha.

"Sabalkheri," akasema, kwa namna isiyonitakia kheri yoyote.

"Alkheri, dada."

"Mwanangu ana nini hata asimame peke yake kama mbuzi wa kuchinjwa? Ananuka?"

"Hanuki, dada. Nataka kusikiliza kifua chake."

"Wasikiliza kifua kwa kumwaibisha? Si ungenijia nyumbani kama watu?"

Watoto wakacheka. Bi Rukia akawatishia upawa, wakanyamaza, lakini na yeye nilimwona akiuma mdomo asicheke. Mwanaisha alisema kweli. Kwa hiyo kazi ilipokwisha nilijitanda, nikachukua viazi vichache vilivyochemshwa kwa ajili yetu wapishi, nikaenda kupiga hodi kwake kama watu.

Alinipokea vizuri zaidi kuliko nilivyostahili. Akanikaribisha kitini, akaulizia wazazi wangu na watu wa nyumbani mmoja mmoja, kisha akaniletea kahawa ya tangawizi. Fatuma alikuwa amelala kwenye mkeka. Hatukuwa tumemaliza kikombe alipoamka akikohoa. Safari hii nilikuwa karibu. Uso ulimgeuka ukawa wa zambarau, mamake akamwinua na kumpiga mgongoni kwa kiganja, na pumzi ilipompanda kwa ule mlio, nilijua kwamba sikuwa nimekosea.

"Tangu lini, dada?"

"Tangu mvua ianze. Mchana si sana. Usiku yuwakohoa hata atapike." Akamfuta mdomo. "Usimwambie mtu. Wakisikia kifaduro hapana atakayekanyaga mlango huu, na mimi nani atanunua kofia zangu?"

Kabla sijajibu, Fatuma aliinuka, akachukua sahani ya udongo iliyofunikwa kwa kawa ya ukili, akaelekea mlangoni. Mwanaisha alikuwa ameshatia humo viazi vyangu, vile nilivyoleta muda mfupi uliopita.

"Waenda wapi, mama?" nikamuuliza.

"Kwa Bi Maimuna. Sahani yake."

Bi Maimuna alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa amejifungua majuzi, bado yumo ndani ya arobaini yake, yaani zile siku mzazi hatoki nje. Jana yake alikuwa amempelekea Mwanaisha mbaazi katika sahani ile, kwa mkono wa dada yake. Na kwa kuwa nyumba za kwetu hazirudishi chombo cha jirani kikiwa kitupu, Fatuma alikuwa akiirudisha na chochote kilichokuwepo. Siku nyingi kilichokuwepo ni chakula cha jiko letu. Alikuwa akifanya hivyo kila siku, na kila akifika alipewa kichanga akipakate.

Niliinuka kwa haraka hata kahawa ikamwagika mkekani. "Dada, asiende."

"Sahani irudi tupu?"

"Isirudi kwa mkono wake. Mtoto mkubwa hukitapika kifaduro akapona. Kichanga hakina nguvu ya kuvuta pumzi ile."

Mwanaisha alimshika Fatuma mkono. Akamtazama bintiye, kisha ukuta wa jirani, ambako mtoto mchanga alikuwa akilia kwa njaa ya kawaida tu. Nilidhani atanifukuza. Akavua kilemba, akakifunga tena bila sababu.

"Maimuna ni kama ndugu yangu," akasema mwishowe. "Ndiye aliyenioshea mume wangu alipokufa? La, hao walikuwa wanaume. Lakini ndiye aliyekaa nami ndani siku za eda. Nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli, ukiwa mlangoni. Na sahani yake itarudi mtoto akishapona. Itarudi imejaa."

Alikwenda mwenyewe. Nilimsikia upande wa pili akizungumza taratibu, kisha sauti nyingine, dhaifu, ya mwanamke aliyelala: "Ee, Mwanaisha. Ungalinambia mapema. Nani kakwambia nitakukimbia? Lete uji mlangoni, nitamwagiza dada yangu auchukue."

Nilisimama pale peke yangu na mtoto wa kifaduro aliyelala tena, na fikra ikanijia ambayo nimeizungusha kichwani maisha yangu yote. Sisi tulidhani tumejenga jiko, na kwamba jiko ni mstari, na kwamba anayetaka uji sharti aje kuusimamia akigusana na wenziwe. Kumbe mtaa ule ulikuwa na njia zake za kupeleka chakula tangu kabla ya idara kuwako, mlango kwa mlango, chini ya kawa. Uji wetu ulikuwa ukipita humo bila sisi kujua. Njia ile ile iliyokuwa karibu kumpelekea kichanga ugonjwa ingeweza, ikishikwa na watu wazima wasiougua, kuupeleka uji na kuubakisha ugonjwa nyuma ya mlango.

Alasiri ile ile nilimweleza Bi Rukia mpango wangu mbele ya mafiga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akipepeta mtama kwenye ungo.

"Kila nyumba mtu mzima mmoja?"

"Mmoja, asiyekohoa. Anachukua kwa nyumba yake na ya jirani mwenye mgonjwa. Anamimina mlangoni kwenye chombo cha mle ndani. Bakuli letu haliingii ndani, na likirudi tunalichemsha."

"Na memsahib akileta kufuli?"

"Atakuwa na haki."

"Haki." Akapepeta mara mbili, makapi yakaruka. "Mimi watoto wangu wamekula hapa, mwanangu. Wewe wako bado hujazaa. Kazi ni yako, simu ni yako. Lakini ukisema naye, usiniseme mimi."

Simu iliyokuwa karibu ilikuwa dukani kwa Mhindi aliyetuuzia mtama. Sikuwahi kuitumia mashine hiyo. Mwenye duka alinielekeza sehemu ya kusikilizia na sehemu ya kusemea, akaniombea namba kwa mama wa kituo cha simu, kisha akasogea akijifanya kuhesabu magunia. Nilisikia mlio wa kengele mbali sana, ukikatika, ukirudi. Nikapanga sentensi zangu. Nikazivunja, nikazipanga upya.

"Halo. Msimamizi wa Ustawi."

"Memsahib, ni Zuhura wa Kibokoni. Kuna kifaduro kwenye mstari wetu."

"Umesikia wewe? Au umeambiwa?"

"Nimesikia mwenyewe. Nyumbani kwa mtoto, karibu."

Pumzi ikapita kwenye waya. "Basi kesho jiko litafungwa. Pole."

"Memsahib, nakuomba ufunge mstari. Jiko uliache."

"Sifahamu. Jiko bila mstari ni nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza kuhusu kawa, mlango, mtu mzima mmoja na bakuli la kuchemshwa, na kichanga cha Bi Maimuna kilicho upande wa pili wa ukuta. Nilieleza kwa urefu mno, nikarudia mambo, nikajisahihisha. Hakunikatiza. Nilipokwisha, sikusikia kitu, nikadhani waya umekatika.

"Halo?"

"Nipo," akasema. "Hao majirani watapeleka kweli? Kwa nyumba yenye ugonjwa? Bila kulipwa?"

"Wanapeleka hata sasa, memsahib, tunapozungumza."

Nikasikia kiti kikiburuzwa, na dirisha likifungwa dhidi ya mvua.

"Nitakuja asubuhi na daktari, kuona mtoto," akasema polepole, akipanga tofali moja baada ya jingine. "Sitaleta kufuli. Mwambie mpishi aroweke unga."