Jiwe la Lunyo na Mama Aliyekatazwa Kulia

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika jiwe hata moja. Msimamizi wa chumba cha kukatia mawe, katika ofisi ya madini pale Tororo, alinipa ufagio na kunionyesha sakafu.

"Vumbi la humu si uchafu," akaniambia. "Ni mawe ya watu. Fagia polepole, lisichanganyike."

Nilikuwa kijana wa Kisoko niliyeishia darasa la saba, na sikujua kama ananitania. Mchana alinikabidhi kisanduku cha mbao nikiingize ndani kutoka kwenye gari. "Ukikiangusha, Kisoko, usihangaike kukiokota. Jiokote wewe mwenyewe uende nyumbani." Jina hilo la Kisoko likanishika. Nilistaafu nikiwa bado naitwa hivyo.

Ninyi vijana mnaosoma haya huenda hamjui kazi yetu ilikuwa nini. Tulikata mawe ili yasomwe. Msumeno wetu ulikuwa sahani ya chuma yenye punje za almasi ukingoni, nayo ilizunguka ndani ya maji ili isipate moto. Kipande kilichokatwa tulikibandika kwenye kioo kwa gundi, kisha tukakisugua kwa unga wa kusagia hadi kikawa chembamba kama karatasi na mwanga ukapita ndani yake. Hapo ndipo mtaalamu alipokiweka chini ya hadubini, kile chombo cha kukuzia vitu vidogo. Yalikuja mawe ya chokaa ya Tororo, yakaja na ya mashimo ya dhahabu ya Busia. Kazi hiyo ilinila ncha za vidole. Mpaka leo ni laini, hazina mistari.

Baadaye nilihamishiwa Busia, chini ya Mtaalamu wa Miamba, mtu mpole mwenye maneno machache. Nilikuwa huko siku mbingu zilipopiga kelele.

Ilikuwa mchana, hakuna wingu. Mwanga ulikatiza juu yetu, halafu ukaja mngurumo, kama lori la vyuma limeanguka darajani. Madirisha yalitetemeka. Madereva wa malori kwenye foleni ya mpakani waliruka chini wakakimbia, wengine wakidhani ni bomu. Mtaalamu peke yake alitoka nje akitabasamu.

"Kimondo," alisema. "Lete mifuko, Kisoko."

Aliniambia ndani ya gari kwamba kati ya sayari ya Mirihi na ya Mshtarii kuna mawe mengi yanayolizunguka jua, makubwa kama milima na madogo kama ngumi. Yanaitwa asteroidi. Ni mabaki ya ujenzi, alisema; jua na sayari zilipomalizika kujengwa, hayo yakabaki. Yakigongana, vipande hutoka njia. Kimoja kikikutana na dunia kinakuja kwa kasi kubwa kuliko ya sauti, ndiyo maana tuliona mwanga kwanza na kelele ikafuata.

Vipande vilikuwa vimetawanyika katika vijiji vya Lunyo. Mawe kama hayo huanguka katika eneo refu lenye umbo la yai; madogo hudondoka mwanzoni, makubwa husonga mbele zaidi. Kwa hiyo tulijipanga mstari tukapita katika mashamba ya mihogo, tukitafuta jiwe lenye ganda jeusi jembamba. Ganda hilo ni sehemu ya nje iliyoyeyuka njiani. Hatukulishika kwa mkono mtupu, wala hatukuliosha.

Watu walitucheka. "Serikali inawalipa kuokota mawe?" mama mmoja aliuliza. "Basi ingieni kwangu, yamejaa. Mkimaliza mnipalilie na mtama."

Nyumba ya mwisho ndiyo haikucheka. Ilikuwa ya mjane, Mama Nafula. Siku ya mngurumo mumewe alikuwa akilima, akaanguka pale pale na jembe mkononi, akafa. Kaka wa marehemu, Mzee Wandera, ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma. Alikuwa ameamua kwamba ndugu yake amepigwa na radi. Kwa ukoo wao, aliyechukuliwa na mbingu haliliwi. Hakuna matanga, hakuna wimbo, na kaburi halichimbwi nyumbani. Walimzika ukingoni mwa kinamasi jioni ile ile, kimya.

"Akililiwa," Mzee Wandera alitueleza, "mbingu inasikia kwamba hapa kuna mtu. Inarudi kuchukua mwingine."

Mama Nafula alikuwa na watoto wanne. Alituletea viti. Tulipokuwa tukiondoka alinifuata hadi njiani. Alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, na aliongea polepole, kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa pomoni.

"Wewe wa mawe. Hiyo ilikuwa radi au ilikuwa jiwe?"

"Jiwe, Mama. Tumelipata kule ng'ambo ya kijito."

"Kama ni jiwe, na halikumgusa, mimi naweza kumlilia bwana wangu?"

Nilimwambia tukilikata jiwe nitarudi nimweleze lilichosema.

Tulilikata Tororo. Ndani lilikuwa la kijivu, limejaa chembe za mviringo ndogo kama mbegu za ulezi, na vumbi la chuma lililovutwa na sumaku. Mtaalamu aliniruhusu nichungulie. Alisema chembe zile ni matone yaliyoganda kabla dunia haijakuwapo, miaka bilioni nne na nusu iliyopita.

"Na kabla ya hapo?" nikauliza.

Akaacha hadubini. Alisema ulimwengu wenyewe una umri karibu mara tatu ya huo. Mwanzoni hapakuwa na jiwe wala chuma. Kila kitu kilikuwa kimebanana katika joto lisiloelezeka, kikaanza kutanuka na kupoa. Baadaye sana zikawaka nyota. Chuma kilipikwa ndani ya nyota, nazo zilipokufa zikakitapika. "Chuma kilichomo humu, na kilichomo katika damu yako, kinatoka huko."

"Bwana Mkubwa, mngurumo unaweza kuusimamisha moyo wa mtu?"

"Kwa hofu, labda. Ila mtu huweza pia kufa kwa moyo wake mwenyewe saa ile ile. Jiwe haliwezi kutuambia."

Nilirudi Lunyo kama nilivyoahidi. Nilimweleza Mzee Wandera kwamba lile ni jiwe, si radi. Kwamba majani ya pale lilipoangukia hayakuungua. Kwamba lilianguka mbali na shamba la ndugu yake.

"Basi kilimuua nini?" akauliza.

"Sijui, Mzee."

"Huyo mkubwa wako mwenye mashine, anajua?"

"Naye hajui."

Akatikisa kichwa bila hasira. "Mtu amesimama mzima. Mbingu inanguruma, mtu anaanguka. Wewe unakuja kuniambia hujui, halafu unataka niwaweke watoto wa ndugu yangu rehani kwa hiyo sijui yako?"

Mama Nafula alikuwa mlangoni, anasikia yote. Alinitazama kidogo, akaingia ndani. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

Mke wangu Athieno alinigombeza usiku huo. "Ungesema tu ni moyo. Neno moja, Ochwo! Mwanamke angelia akapona."

"Sikujua kama ni moyo."

"Haya, kaa na ukweli wako," akasema, akanigeuzia mgongo. Miaka yote iliyofuata, kila nilipopitia Lunyo alinipa sabuni au sukari nimpelekee yule mama. Nami nilipeleka. Mama Nafula alipokea, akashukuru, akauliza habari za Athieno. Juu ya lile jambo hatukuzungumza tena.

Nilistaafu, nikarudi Kisoko. Wengine wakistaafu husema kazi yao iliwafundisha subira. Yangu ilinizoesha vitu vya zamani mno. Nilifikiri mtu aliyeshika jiwe lililoitangulia dunia hatashangazwa na kaburi. Athieno aliugua, akafa, nami nilishangaa kama mtoto. Nilijaribu kukumbuka chuma kilichopikwa ndani ya nyota. Ni kweli, sina shaka nacho. Hakikunisaidia kitu.

Kifo chake kilitangazwa redioni, kama desturi. Siku ya mazishi waliingia watu wengi, wakalia kama watu wanavyolia, kidogo, wakakaa. Ndipo ikaingia toka njia ya Busia sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Mwanamke mzee alikuja mbio, kanga imedondoka mabegani, akajitupa chini kando ya jeneza. Alilia hadi wanawake wengine wakanyamaza. Alilia kwa Kisamia, lugha ya kwao Lunyo, maneno mengi, na mara moja moja nilisikia jina ambalo si la mke wangu.

Dada yangu aliniinamia. "Huyu ni nani? Ni wa upande gani?"

"Ni wangu," nikasema. "Mwacheni."

Hakuna aliyemzuia. Boma lilikuwa langu, msiba ulikuwa wangu, na mbingu haikuwa na madai yoyote pale. Alilia mpaka udongo ukarudishwa wote.

Jioni alinawa uso, akaja kunipa mkono.

"Pole, Mzee wa mawe," alisema, sauti imemkauka. "Na asante."

Nilimsindikiza hadi barabarani. Macho yake yalikuwa yamevimba, mekundu, kama ya mtu aliyefiwa na mumewe siku ile ile.