Seli Kubwa za Mjukuu Wangu

Majina yote nayakumbuka: ya walimu, ya majirani wa Noonkopir, hata ya ng'ombe waliokufa na ukame. Lakini hapa sitaandika hata moja. Kwetu jina la mtu halitupwi ovyo, na kuna wengine katika habari hii wameshalala udongoni, wafu hawaitwi. Nitasema tu mwanangu, mjukuu wangu, mwalimu, daktari. Inatosha.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Ng'ombe walikuwa wamekwisha, mwanangu amepata kazi kiwanda cha simiti, na mimi nachuuza maziwa sokoni hapo Kitengela. Mama ya mtoto alikuwa amefariki. Kwa hiyo mjukuu alikuwa wangu: kumwosha, kumlisha, kumsikia akilia kwa sababu ya kitabu. Na mimi nilikuwa nimedhani uzee ni kukaa.

Alikuwa darasa la tatu kwa mara ya pili, na hasomi. Ukimpa kitabu anaanza mstari wa juu, anarukia wa chini, anarudi, kisha anafumba macho na kuyasugua.

"Kokoo," ananiambia, maana ndivyo sisi Wamaasai tunavyomwita nyanya, "herufi zinatembea."

"Zinaenda wapi?"

"Haziendi mahali. Hazitulii tu. Ni kama siafu."

Hakuna aliyemwamini, na sababu ni shanga. Huyo mtoto alitunga shanga kushinda wanawake wazima. Zile ndogo kabisa alizichagua kwenye bakuli bila kukosea rangi. Mwalimu alipoziona shingoni mwangu alicheka bila furaha. "Mama, mtu anayeona tundu la ushanga kama huu, anashindwa aje kusoma mstari mmoja? Huyu ni mvivu. Mimi nimechoka naye."

Mwanangu akatoa hukumu jikoni, vumbi la simiti bado liko kwa nyusi. "Muhula huu ukiisha kama hajasoma, anaenda kwa dada yangu akachunge mbuzi. Mbuzi hawana herufi."

Nilijua maana ya mbuzi kwa msichana. Leo mbuzi, kesho mzee fulani anafika na blanketi na sukari, anauliza habari ya mke. Mimi niliolewa hivyo. Kusoma nilisoma gumbaru, shule ya watu wazima, kichwa kikiwa tayari cheupe.

"Kwanza apimwe macho," nikasema.

"Apimwe, yieyo," akasema, yaani mama kwa Kimaasai. " Halafu mbuzi."

Siku mwanangu alipopewa ruhusa kazini tukaenda kliniki ya macho Kajiado, sisi watatu. Daktari alikuwa msichana tu, mwenye miwani minene. Alimwonyesha mtoto herufi za ukutani, moja moja, naye akazitaja zote, hata zile za chini ambazo mimi niliona kama uchafu wa nzi. Mwanangu akanitazama: unaona?

Kisha daktari akamkalisha mbele ya kompyuta. Kwenye kioo chake kulikuwa na vitone vyeupe vingi vikisogea pamoja, kama kundi likielekea majini. "Vinaenda upande gani?" Mimi nikiwa mlangoni niliona: kushoto. Mwanangu pia aliona. Mtoto akakaza macho hadi machozi yakamtoka.

"Sijui. Vinachezacheza tu."

Daktari akavigeuza upande mwingine; jibu lile lile: Sijui. Akazima, akatugeukia. "Nyanya, macho ni mazima. Nafikiri shida iko kwa seli kubwa."

Nikamshika mtoto mkono. Mwanangu akasimama. Yeye alikuwa amelala seli ya polisi wakati wa ukame, ng'ombe wetu walipoingia shamba la watu, na neno hilo halikuwa geni kwake.

"Seli gani, daktari? Huyu ni mtoto! Kutojua kusoma imekuwa kesi?"

"Na kubwa tena," nikasema. "Hata si ile ndogo."

Daktari akacheka hadi akavua miwani. "Si ya polisi, wazee wangu! Mwili wote umejengwa kwa seli, vitu vidogo sana. Hizi ziko ndani ya jicho, na kwenye njia ya kwenda ubongoni."

"Ni ndogo ama ni kubwa? Chagua," mwanangu akasema. Alikuwa bado hajakaa.

"Zote ni ndogo, ila kuna zilizo kubwa kuliko nyingine. Sikiliza. Mkichunga, si kuna yule anayejua kila ng'ombe kwa rangi na alama ya sikio? Na kuna yule ambaye nyasi ikitikisika tu, ameshaona?"

"Hao wako," mwanangu akajibu.

"Seli ndogo ni yule wa kwanza. Anaona rangi, anaona kitu kidogo, lakini hana haraka. Kwa mtoto huyu ni mzima kabisa. Seli kubwa ni yule wa pili. Kazi yake ni kuona kinachosogea, na habari yake inafika ubongoni mbio. Ukisoma, jicho linaruka kutoka neno hadi neno. Wale wakubwa husaidia kulituliza mahali pake. Wakiwa dhaifu, jicho linayumba, na mtoto anaona ni herufi zinatembea." Akavaa miwani. "Wataalamu wenyewe wanabishana. Wengine wanasema shida ya kusoma inatoka kwa kusikia sauti za maneno. Siwezi kuwaapia. Lakini uvivu, hapana."

"Dawa je?" nikauliza.

"Ya kumeza hakuna. Kateni kadi, mtoboe dirisha la mstari mmoja, asome kupitia hapo. Kidogo kidogo kila siku, na mtu akae naye."

Mtu akae naye. Hakuna aliyeuliza ni nani.

Tukashuka Kitengela, na kando ya barabara ya Namanga mwanangu akasimama. "Haya binti, vuka nikuone." Mtoto akasimama ukingoni, akainamisha kichwa. Hakutazama kulia wala kushoto, alikuwa anasikiliza. Lori lilikuwa mbali sana, akalingoja mpaka likapita. Ikaja baiskeli ya mwuza mkate, haina sauti, na yeye akanyanyua mguu. Baba yake akamvuta kwa sweta.

"Hukuiona?"

"Niliiona. Nilidhani imesimama."

Mwanangu akakaa chini palepale kwenye changarawe. "Huyu nimpe mbuzi?" akasema, na hakuwa akiniambia mimi. "Fisi atamjia mchana, yeye adhani ni kichaka." Akapangusa uso. "Abaki shule basi. Hata kuchunga hawezi."

Hivyo ndivyo alivyobaki. Baba yake hakuamini kwamba atasoma. Aliona tu kwamba mbuzi wangeliwa. Sikubishana. Nilikuwa nimechoka, na mlango wa shule ulikuwa wazi.

Kadi niliikata kwenye katoni ya majani chai. Kila jioni, miguu ikiwa imevimba kwa kusimama sokoni, nilikaa naye. Mara nyingine nilisinzia, akanigusa goti. Alipanda darasa la nne akiwa karibu wa mwisho, lakini alipanda.

Jioni moja alisoma mstari mzima bila kusugua macho, akakwama kwenye neno refu la Kiingereza. "Kokoo, hii ni nini?"

Nikalitazama. Kwangu lilikuwa limetulia kabisa, kila herufi mahali pake.

"Sijui."

"Basi ngoja," akasema, akaweka kidole chini yake, akaanza upya kutoka herufi ya kwanza. Nikaegemeza kichwa ukutani, nikangoja.