Mbuzi wa Kubadilisha Nyota

Mwezi wa pili wa mwaka 1962 dunia ilikuwa iishe, na Wahindi wa Nyeri walikuwa wamekwisha kupata habari. Jua, Mwezi, Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, vyote saba vilikuwa vimejikusanya pembe moja ya mbingu kama wazee wanaoteta jambo la siri. Kutoka Bombay hadi maduka ya mji huu mdogo chini ya Mlima Kenya, watu walifunga, wakawasha moto wa maombi na kuumwagia samli. London, wanasiasa wetu walikuwa wakibishana juu ya katiba ya nchi ambayo bado haijazaliwa. Mwamerika mmoja alikuwa akijiandaa kuizunguka dunia akiwa ndani ya chombo cha angani. Na mtaani Majengo watu walicheka.

"Wamenunua unga wote," alisema Wakonyo, muuza makaa. "Ati dunia ikiisha, watapikia chapati wapi?"

Jirani yake, Murugi, hakucheka. Alikuwa amejifungua wiki ile ile. Mtoto alikuwa mvulana, akapewa jina la babu yake mzaa baba, Kingori, kama desturi itakavyo. Kabla yake Murugi alikuwa amezaa wawili na kuwazika wote wawili, mmoja katika kijiji cha Emajensi, Waingereza walipotufungia vijijini wakati wa Mau Mau, mwingine wakati wa mafuriko ya mwaka uliopita. Mumewe, Kahiga, alikuwa mbali Wang'uru akichimba mifereji ya mashamba ya mpunga. Murugi mwenyewe alikuwa dobi wa Mama Kantaben, mke wa muuza vitambaa, na alipopata nguvu za kutembea alimpelekea tajiri wake mtoto amtazame.

Kantaben alimtazama, akafunika mdomo kwa ncha ya sari.

"Lini nazaa hii?"

"Wiki hii, mama."

"Wiki hii! Murugi, hii mwezi baya sana. Nyota yote nakaa nyumba moja. Mtoto kama hii iko na kazi kubaki."

Basi, maneno yenyewe yalikuwa hayo tu. Kantaben alirudi kwenye maombi yake, Murugi akarudi Majengo, na dunia haikuisha. Wahindi wakafungua maduka. Lakini Murugi hakuhitaji dunia nzima iishe. Ya kwake ilikuwa mgongoni, ikikohoa.

Kila kikohozi kilimwambia neno moja: hataishi. Akaanza kufikiri jinsi ya kumtoa mtoto katika mwezi ule. Na kwao njia ilikuwapo, ya tangu zamani: mtu wa mbari nyingine akitaka kuwa wa mbari yako, huzaliwa na mbuzi. Mbuzi huchinjwa, ukanda wa ngozi hufungwa mkononi, naye huhesabiwa amezaliwa siku hiyo, na mama aliyempokea. Wazee waliiweka desturi hiyo kwa ajili ya wageni na mateka. Murugi aliona ndani yake kitu ambacho wazee hawakukiona: siku mpya ya kuzaliwa, na mbingu mpya juu yake.

Alimuuliza Kantaben, kama mtu anayepiga soga tu, mwezi gani ni mzuri.

"Mwezi ya tano. Nyota yote nakwenda nyumbani kwake."

Kahiga alipokuja likizo alisikiliza hadi mwisho. "Nimezika wawili," alisema. "Kama dawa ni mbuzi, mbuzi nitanunua."

Ndivyo mwezi wa tano walivyopanda Kiriaini, kwa Wamucii, mjane asiye na mtoto aliyekuwa rafiki wa Murugi tangu usichana. Wamucii alilala kitandani akaugulia kama mwenye uchungu. Mtoto akawekwa mapajani pake, ukanda wa ngozi mbichi ukafungwa kwenye kifundo cha mkono wake mdogo. Wanawake wakapiga vigelegele vitano, vya mtoto wa kiume. Jina lake likawa Ndungu, jina la baba mkwe wa Wamucii. Murugi alipiga vigelegele pamoja na wenzake, maziwa yakilowesha gauni lake.

Mtoto akabaki kwa Wamucii, mama yake mpya, akapona kikohozi. Akanenepa kwa baridi ya milimani na uji wa Wamucii. Uhuru ukaja, bendera ikapandishwa. Murugi hakupata mimba nyingine. Kila baada ya mavuno ya kahawa alikwenda Kiriaini na mkate na sukari, na mvulana akamkimbilia akiita, "Tata! Tata!" Mama mdogo.

Mwaka 1969 serikali iliwanyima leseni wafanyabiashara wasio raia, na familia ya Kantaben ikafunga mizigo kwenda Uingereza. Murugi alikuwa akikunja mashuka ya mwisho wakati mvulana mrefu, mwenye mashavu ya kushiba, alipopita mbio na kumvuta bibi yake sari.

"Hii Kiran," alisema Kantaben kwa fahari. "Mtoto ya binti yangu. Nazaliwa Mombasa ile mwezi ya nyota. Siku moja na mtoto yako, nafikiri. Yako iko mzima?"

Shuka lilimponyoka Murugi. "Huyu... mlimfanyia nini?"

"Nini? Tulifanya maombi, tukagawa peremende."

"Na zile nyota?"

Kantaben akacheka kwa upole. "Aa, Murugi! Nyota ni ya dunia yote. Kama nakula mtoto, ingekula yote."

Kesho yake alfajiri Murugi alikuwa njiani kwenda Kiriaini kumwomba mwanawe. Wamucii alimpokea uani, akasikiliza, na hakumfukuza.

"Wazee watasema mtu hazaliwi mara tatu," alisema Wamucii. "Mimi sitajificha nyuma ya wazee. Mwambie mwenyewe. Akitaka kwenda, nitamfungia nguo zake."

Mvulana alirudi kutoka shule, miguu imejaa tope jekundu. Murugi alimkalisha kando yake akamweleza yote: mwezi ule, woga wake, mbuzi, jina la Kingori. Mvulana alisikiliza akijikwangua tope gotini. Hakulia. Alimtazama Wamucii, aliyekuwa amewageuzia mgongo akichambua maharagwe ambayo tayari yalikuwa safi.

"Wewe uko na Baba Kahiga," alisema hatimaye. "Na huyu, nikienda, atabaki na nani?"

Murugi alijua kwamba mtoto anayeuliza hivyo ameshalelewa, tena vizuri, na si kwa mikono yake.

"Hakuna," alisema. "Kaa naye."

Wamucii akaleta chai. Wakainywa wote watatu, na mvulana, kwa heshima ya mtoto aliyefunzwa adabu, akampa mgeni kiti chenye mgongo.