Kalamu ya Kijani ya Dakta Rübsam

Simpendi Dakta Eckart Rübsam, na nalisema mapema nisije nikaitwa mnafiki. Kwa miaka thelathini na sita nilikuwa karani wa masijala katika ofisi ya mkoa, nikamwona akipanda. Alikuja kijana wa miaka ishirini na tisa, mwanasheria mwenye mitihani yake miwili ya serikali na mkoba wa baba yake hakimu. Alianza na vibali vya mabanda ya nguruwe, akahamia barabara, akahamia maji, akawa naibu, mwisho mkuu wa mkoa. Rushwa hakula, hilo nampa. Hata keki yangu ya matunda ya plamu aliionja baada ya kuuliza kama wote wamepata.

Katika ofisi zetu rangi ya wino ni cheo, na kijani ni ya mkuu peke yake. Tangu aipate hakugusa rangi nyingine. Mume wangu alipofariki, kadi ya rambirambi aliisaini kwa kijani.

Na kila karatasi iingiayo faili hupigwa namba siku hiyo hiyo. Mwaka wangu wa pili nilisahau moja, akanisuta mbele ya idara nzima.

"Bi Hasselbach, karatasi isiyo na namba inaalika wezi."

Sikusahau tena, wala sikumsamehe.

Kisha likaja bwawa la kukinga mafuriko. Lilipangwa kuchimbwa kijijini kwetu Niederwelk, pale pale penye shamba la plamu la kaka yangu Volkmar, alilolipanda babu. Wanakijiji wakaandika pingamizi, saini themanini na tatu, kurasa tano. Sheria yetu yasema saini zikizidi hamsini, kila ukurasa uwe na jina la msemaji wao, la sivyo ofisi yaweza kulitupa pingamizi lote. Ukurasa wa tatu haukuwa na jina. Nililipokea, nikaligonga muhuri, nikalipeleka juu. Sikuliona kosa.

Rübsam aliliona. Jumatatu pingamizi likakataliwa, na kijiji kikaarifiwa. Jioni hiyo Volkmar alinipigia simu.

"Upo mle ndani, Gundula, unakunywa kahawa yao. Ukurasa mmoja hukuuona?"

"Sikuuona, kaka."

"Kijiji kizima kinasema kikulacho ki nguoni mwako. Nimechoka kukutetea."

Kesho yake asubuhi faili likarudi masijala, nikalifungua nipige namba. Nyuma ya pingamizi kulikuwa na kikaratasi, wino wa kijani, tarehe ya Jumanne iliyopita: "Ukurasa wa tatu hauna msemaji. Muda unaisha Ijumaa. Wasiambiwe." Siku tatu nzima. Sheria hiyo hiyo yaitaka ofisi iwatanabahishe watu kosa kama hilo wakati lingali linarekebishika. Namba niliipiga sawasawa: folio 212.

Sikumwonyesha mtu. Nilimwambia Volkmar neno moja tu, "Wakili wenu aombe kulisoma faili. Lote."

Barua ya wakili ilipofika, Rübsam alishuka masijala kwa miguu yake, jambo ambalo hakulifanya tangu apate ukuu. Akalifungua faili mbele yangu, akasimama kwenye 212.

"Hiki ni kikumbusho changu binafsi, Bi Hasselbach. Hakihusu faili."

"Kimeshapigwa namba, Mheshimiwa."

"Namba inaweza kurekebishwa."

"Basi niandikie agizo. Nitalipiga namba nalo."

Angeweza kukichomoa, nami ningefanya nini? Lakini mtu yule hajawahi kuchomoa karatasi maishani mwake. Akazinyoosha kingo za faili, akalifunga.

"Kaka yako ana mashamba huko Niederwelk, nadhani."

"Ana plamu, Mheshimiwa."

Akapanda juu. Wakili akakisoma kikaratasi, akaenda mahakamani; mahakama ikaamuru pingamizi lisikilizwe, na mwaka uliofuata bwawa likahamishiwa kwenye malisho matupu ya serikali. Volkmar aliniletea ndoo ya plamu mlangoni. Radhi hakuomba.

Rübsam alistaafu na nishani. Wiki moja kabla ya kuondoka aliniletea barua ya mistari mitatu: nahamishiwa ghala la kumbukumbu, orofa ya chini kabisa, kusiko na dirisha, "kwa mahitaji ya kazi". Saini ya kijani.

Niliipiga namba, nikaiweka kwenye faili langu.