Ukanda wa Jiwe Tupu Juu ya Mhezi

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Misitu wa wilaya alinipandisha mpaka kileleni, penye miamba na miti mifupi, akaniamuru nichimbe kwa mkono. Vidole vilizama kwenye mboji, ule udongo mweusi wa majani yaliyooza, na kabla kiganja hakijafunikwa vikagonga jiwe.

"Umeumaliza," akasema. "Msitu wote umesimama juu ya huo. Uulinde."

Nikaulinda, enyi mnaoijua milima kwa picha za simu. Walinipeleka Makanya, chini tambarare, kwenye bustani ya miche, jua likanichoma mpaka niliporudishwa juu kuwa msimamizi wa doria. Ndipo kiangazi kimoja moto wa warina asali ukashika kileleni.

Miali tuliizima mapema. Lakini mboji ikikauka huungua chini kwa chini. Ukiona moshi hapa, moto umeshafika kule. Niligusa ardhi, ilikuwa ya moto. Moto ulikuwa unateremka kuelekea chemchemi inayowanywesha watu wa kijiji cha Mhezi. Mhifadhi, bosi wangu wakati huo, mama asiyependa maneno mengi, alitazama upepo.

"Kata barabara ya moto. Mpaka jiwe. Usibakize hata mzizi."

Pembe ikapigwa, watu wakaja na majembe kwa msaragambo, kazi yetu ya pamoja Upareni. Nilipowaeleza kwamba tutaondoa udongo wote mpaka jiwe, moto ukose cha kuunguza, hakuna aliyeinua jembe. Tangu utoto msaragambo wao ulikuwa kujenga matuta ili udongo usishuke. Sasa nawaambia wauporomoshe.

"Shikamoo, mama," nilimwambia Mama Nakijwa, aliyewaongoza.

"Marahaba, mwanangu. Udongo huu tukiutoa, utarudi lini?"

"Mimi na wewe hatutauona."

"Na tukiuacha?"

"Maji yatakauka."

Moshi ukafuka nyuma yake, karibu kuliko tulivyodhani. Niliogopa, siwafichi. Akafunga khanga kiunoni, akapiga jembe la kwanza huku akilia waziwazi, na wengine wakafuata. Mboji, maua, mizizi, vyote tukavisukumia korongoni. Moto ulifika ukingoni mwa jiwe, ukafuka kwa muda, ukafa.

Nimestaafu sasa, na Mama Nakijwa hayupo tena. Mhezi wanachota maji. Vijana hupanda kupiga picha kwenye ukanda ule, wanausifu kwa usafi wake. Kila nikifika huchunguza nyufa za mwamba. Juzi nilikuta mboji, kiasi cha kujaza ukucha. Nikaketi kando yake, mzee mzima, nikawafokea vijana wote wasikanyage.